Magari Matano Yasiyonguruma

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amenipa daftari hili. Amesema, "Baba, wewe ndiye unakaa getini. Andika wateja wanasema nini juu ya haya magari. Hasa wale wasionunua." Nikamwambia, mwanangu, asiyenunua hana maneno, ana miguu tu. Lakini nimelichukua. Nimesoma mpaka darasa la nne, ila la nne la zamani, siyo hili la leo mtoto anamaliza hawezi kumwandikia bibi yake barua. Mwandiko wangu ulikuwa unapelekwa madarasa mengine ukatazamwe.

Magari yameshushwa asubuhi. Matano, yote ya umeme. Yalishuka kwenye lori kimya kimya kama wezi wa kuku. Mwenyewe ni tajiri wa mji mkubwa, ameyaweka kwenye yadi yetu mpaka mvua iishe. Binti akiyauza yote, yadi inakuwa wakala wake na binti anabaki hapa. Asipoyauza yote, lori linarudi kuchukua yaliyobaki, na binti anakwenda kufanya kazi kwenye duka la huyo tajiri, huko huko mbali. Ameniambia haya huku anapangusa kioo, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Mimi nauza magari hapa tangu hajazaliwa. Hakuna aliyeniuliza.

Jumanne

Mvua. Hakuna mteja.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike jinsi ninavyouza, maana madalali wa siku hizi ni midomo mitupu. Gari zuri nalisifu. Gari lenye kasoro naitaja kasoro, hata mwenye gari akikasirika. Na gari nisiloliamini, au nisilolijua, nanyamaza. Mteja akiuliza, "Mzee, hili vipi?" mimi naangalia barabara. Basi. Sisemi baya wala zuri. Watu wa mji huu wanalijua jambo hilo kama wanavyojua milango ya nyumba zao. Baba anamwambia mwanawe, yule mzee akiangalia barabara, turudi nyumbani. Sijawahi kurudishiwa gari. Waulize wengine kama wanaweza kusema hivyo.

Ng'ambo ya barabara kuna Spana, dalali mwenzangu. Yeye angemuuzia kipofu kioo. Leo amepiga kelele kutoka kibandani kwake, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza! Mbona yako yamekaa?" Nikamjibu yana adabu kuliko yake. Wateja wake wakacheka. Mimi sikucheka. Magoti yananiuma mvua ikianza.

Jumatano, 12 Machi

Petroli imepanda. Watu wamejaa yadini kama waliokuja kutazama nyumba iliyoungua. Kila mtu anafungua mlango, anakaa, anafunga mlango, anashuka. Binti anaeleza mpaka sauti imekauka.

Haya ndiyo waliyosema, naandika kama nilivyoagizwa. Mmoja anaogopa maji, eti akipita kwenye dimbwi atapigwa shoti yeye na mkewe. Mwingine anauliza likiharibika fundi gani atalishika, mafundi wote anaowajua wana mikono ya grisi. Mama mmoja amelipenda, ila anakaa ghorofani, waya ataushusha dirishani? Kijana mwenye tai anasema betri ikichoka nani atalinunua tena kwake. Na mzee wa rika langu akapiga bodi kwa kiganja akasema, "Sasa jirani atajuaje kwamba nimerudi nyumbani?" Huyo ndiye peke yake aliyesema ukweli. Watu hawanunui gari, wananunua macho ya jirani.

Hakuna aliyenunua. Petroli ikipanda watu wanakuja kutazama. Kutazama hakuna bei.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja muuguzi wa hospitali ya juu, hii ya hapa mjini. Viatu vyake vyeupe vimeloa mpaka kisigino. Amelizunguka lile la buluu mara nyingi, ameinama akachungulia chini, kazi ambayo wanaume hawafanyi. Akanijia getini. "Baba, hili linanifaa?"

Nikaangalia barabara.

Akasimama kidogo, akasema asante, akaondoka.

Alhamisi

Mvua. Spana ameuza mawili ya petroli. Nimesikia injini zake zikinguruma mchana kutwa, na lazima niseme, zilinifurahisha sikio.

Jumatano, 26 Machi

Redio imesema huenda bajeti ya Juni ikapunguza ushuru wa magari ya umeme. Binti aliruka kwa furaha. Nikamwambia, kaa chini mwanangu, umekwisha. Ukimwambia mtu bei itashuka kesho, leo hanunui hata kiberiti.

Na kweli. Tangu saa tatu simu yake inalia, na wote wana wimbo mmoja: tusubiri bajeti. Nilijua. Mimi uchumi sikuusomea, niliuzeekea.

Jumatano, 2 Aprili

Muuguzi amepita nje. Ametazama ndani, hakuingia.

Jumanne, 8 Aprili



Binti alikwenda hospitali ya juu kumfuata yule muuguzi. Amerudi amelowa, hakujifuta, akasimama mbele ya kiti changu.

"Baba, umemwambia nini yule mama?"

"Sijamwambia kitu."

"Ndiyo hicho hicho! Ameniambia, nilikuwa na hela yangu tayari, nyumbani nina soketi na geti, kazini ni karibu. Ila nilimuuliza baba yako, akaangalia barabara. Ananiambia mimi, dada, baba yako hajawahi kuwadanganya watu, sasa mimi ni nani nimpuuze?" Akavuta pumzi. "Wangapi, Baba? Nimekaa hapa nashusha bei, nasoma mambo ya betri mpaka macho yananiuma, nadhani ni mvua, nadhani ni ushuru. Kumbe ni shingo yako!"

Nikamwambia sijui gari lake. Nisilolijua silisemi. Ndivyo nilivyomlisha kwa kazi hii, yeye na masomo yake yote.

"Basi lijue! Funguo hizi hapa. Mwezi mzima zinaning'inia nyuma ya kichwa chako!"

"Mimi nifundishwe gari na wewe? Wewe niliyekukalisha mapajani ukashika usukani?"

"Nani kasema nakufundisha? Panda tu!"

Spana alikuwa amekuja kuazima jeki, akasimama getini mdomo wazi. Nikasema jambo ambalo sikupaswa kusema mbele ya mtu wa nje. Nikasema, "Kama unataka kwenda kwa tajiri wako, nenda. Usitafute sababu kwenye shingo yangu."

Hakulia. Huyu hajawahi kulia mbele yangu tangu alipoanza shule. Alisema polepole, "Nimeleta haya magari ili nisiende, Baba."

Halafu akaingia ofisini akaanza kufagia, mahali palipokuwa safi.

Jumatano

Hatuzungumzi. Mama yake ameniwekea chai na kusema, "Umeshinda?" Nikanywa. Ilikuwa haina sukari. Nikaiacha hivyo hivyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimechukua funguo za lile la buluu wakati binti amekwenda benki. Nikakaa, nikabonyeza, nikangoja liwake. Nimengoja. Nikabonyeza tena likazimika, kumbe lilikuwa limewaka. Mtu aliyewasha malori ya jeshi kwa kuzungusha mkono wa chuma amekaa kwenye kiti cha ngozi anamsikiliza mbu. Nikavuta gia, likaondoka lenyewe kama linateleza kwenye sabuni.

Nimezunguka sokoni. Hakuna aliyenisikia. Nimepiga honi mpaka kidole kimechoka, na mama mmoja mwenye ndoo aliniambia, "Mzee, unatunyemelea kama jini!" Hiyo ni kasoro. Nimeiandika.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimepita kwenye maji ya njia ya kiwandani, mahali ambapo gari la Spana lilizimika mwaka jana. Maji yalifika katikati ya mlango. Nilisoma dua. Lilipita. Sikupigwa shoti. Nilipotoka nikageuka nikarudi tena kusudi, kijana mmoja wa baiskeli akanishangilia.

Binti ameona matope kwenye milango.  Amelichomeka kwenye chaji, akaniachia funguo mezani.

Jumanne, 22 Aprili

Breki nzuri. Ukiachia mafuta (nisemeje, hakuna mafuta), ukiachia mguu, linajipunguza lenyewe na kujirudishia chaji. Mtu mwenye mguu mzito atalilaani wiki ya kwanza. Kiti cha nyuma ni cha watu wembamba. Taa, kifuta vioo na feni vikiwa pamoja, chaji inashuka haraka. Kitabu chake hakisemi hivyo. Mimi nasema.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilitaka kujua linakomea wapi. Kila gari lina mahali linakomea, na dalali asiyepajua ni mpiga porojo.

Nikachukua barabara ya mlimani, ile ya kwenda mji wa juu. Asubuhi chaji ilikuwa imejaa. Nikapakia matairi ya zamani nyuma, liwe na mzigo kama wa mtu wa kazi. Mvua ilikuwa inapiga kioo, baridi, nikawasha vyote. Kona ya kwanza likapanda kama paka. Ya pili hivyo hivyo. Nikaimba kidogo. Kufika juu ya msitu namba zilikuwa zinaanguka kama majani, na mlima ndiyo kwanza unanuna. Nikajiambia nigeuze. Halafu nikajiambia, mimi? Nigeuze?

Likasimama kabla ya kona ya mwisho. Halikukohoa wala halikutikisika, lilikata roho kama mtu mwenye heshima zake. Malori yakaanza kupanga foleni nyuma yangu. Dereva mmoja akashuka, "Mzee, fungua boneti tukusaidie." Nikafungua. Akatazama, akakuna kichwa, akasema, "Injini iko wapi?" Nikamwambia hata mimi naitafuta.

Binti alifika mchana, kwenye lori la kubebea magari, na nani kando yake? Spana. Ndiye mwenye lori.

"Mzee wa umeme!" Spana anaita toka mbali. "Tulete kibiriti?"

Nilisema nilikuwa napima. Spana akataka kulifunga kamba alivute, binti akamkataza, haya hayavutwi magurudumu yakiwa chini, yanaungua ndani. Likapandishwa mgongoni mwa lori, mimi na binti tukakaa ndani yake huko huko juu, mvua inatupiga pande zote, tunashuka mlima tukitazama nyuma.

 Halafu akauliza, "Ungegeuza kona gani?"

"Ya pili," nikasema. "Mwenye mzigo ageuze ya pili."

Akaitikia kwa kichwa kama anakariri. Nilimtazama. Ana mikunjo kando ya macho. Sijui ilianza lini.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda hospitali ya juu mwenyewe, na mwavuli. Nikamngoja muuguzi atoke zamu. Nikamwambia: lile la buluu halifai safari ndefu, mlima utalimaliza. Watoto wakikua miguu itawabana nyuma. Watu hawalisikii, piga honi. Fundi wa hapa mjini hajalijua bado, likigoma kompyuta yake utangoja wiki. Lakini wewe safari yako ni nyumbani na kazini tu, na una soketi na geti. Ukilala linashiba, na maji ya njia ya kiwandani nimeyapita nalo mara mbili.

Akacheka. "Baba, leo umesema mengi."

"Kila neno nimelilipia," nikamwambia.

Amelichukua mchana huo huo. Binti alimkabidhi funguo, akaja kukaa karibu na kiti changu. Hakunishukuru, na vizuri hakunishukuru, ningekasirika.

Jumatatu, 12 Mei

Petroli hakuna mji mzima. Foleni inatoka kituoni inapita mbele ya yadi. Tumepata wateja wa hofu. Wa hofu si mteja, kesho anajuta. Nimewarudisha wengine nyumbani wakalale kwanza. Binti aliuma mdomo, ila hakunipinga.

Jekundu limechukuliwa na dereva wa teksi. Yeye hakuwa na hofu. Alipiga hesabu zake amesimama, akauliza breki, akauliza tairi, akaenda. Tangu hapo madereva wenzake wanampigia simu kumuuliza vipi. Hiyo ndiyo biashara, mmoja anajaribu na wengine wanachungulia.

Spana yadi yake kimya. Magari yake hayana cha kunywa. Sikumcheka. Nilicheka ndani ya nyumba.

Jumanne, 20 Mei

Petroli imerudi. Yadi tupu. Watu husahau haraka kuliko tope kukauka.

Jumapili

Kifua. Sikwenda yadini. Mvua imepungua.

Alhamisi, 29 Mei

Amekuja mwenye duka la jumla. Mtu mnene, mpole, ana wanawe wawili nje kwenye gari. Anataka yote matatu yaliyobaki. Yote. Ameuliza bei, hakuomba kupunguziwa. Nilimwona binti akishika meza kwa vidole.

"Nitayatumia kupeleka bidhaa," akasema. "Mafuta yamenitoa jasho mwezi huu. Nina duka la pili mji wa juu. Kila siku kwenda na kurudi."

Mji wa juu. Mlimani, na mzigo, kila siku. Huko njiani hakuna pa kuchaji hata taa ya mkononi.

Akanigeukia. "Mzee, wewe ndiye unajulikana. Neno lako tu nataka. Yatanifaa?"

 Nilimwona binti yangu akiwa na miaka yake yote kwa mara moja, na lori likiwa getini, na kiti cha ofisini kitupu. Kazi yangu yote sijawahi kumwambia mtu uongo juu ya gari. Naandika bila kuficha: nilifungua mdomo, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, na neno lenyewe lilikuwa "chukua".

"Kwa barabara ile hapana," binti akasema.

Mwenye duka akamgeukia. Mimi pia.

"Yanashindwa kabla ya kona ya mwisho," akasema. "Na mzigo, ungepaswa kugeuza kona ya pili. Kwa duka lako la hapa chini moja lingekutosha, lakini si kwa kazi uliyosema. Usinunue, mzee wangu."

Yule bwana akasema basi, anamshukuru, atafikiri. Akaondoka na wanawe. Hakununua hata moja.

Nikamuuliza binti, "Mbona umeniwahi kusema? Mimi ndiye niliyeulizwa."

"Nilikuona, Baba," akasema. "Ulikuwa unamtazama usoni. Ukitaka kunyamaza humtazami mtu usoni, na ukitaka kusema ukweli unaanza na kasoro. Leo ulikuwa unatabasamu."

Nikasema nilikuwa na gesi tumboni.

"Sawa, Baba."

Spana alikuja jioni kusikia habari. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Magari matatu! Mtoto wa nyoka ni nyoka." Lakini hakulisema kwa kejeli. Alitoa karanga mfukoni akatugawia.

Jumatatu, 2 Juni

Lori limekuja. Yamepanda matatu. Jua lilikuwa linawaka kama halijawahi kutuacha. Mtu wa tajiri alimwambia binti, mawili kwa mvua yote si mabaya, mahali pengine hawakuuza hata moja. Mkataba ni mkataba lakini, ameombwa aripoti wiki ijayo.

Jumapili, 8 Juni

Ameondoka. Mama yake amemfungia nguo, mimi nimebeba begi mpaka kituoni ingawa lilikuwa zito kunizidi. Alitaka kunipokonya njiani, nikamwambia nimebeba injini nzima wewe ukiwa tumboni. Akaniacha nibebe.

Jumanne, 10 Juni

Sina la kuandika.

Alhamisi, 19 Juni

Bajeti imesomwa. Ushuru haukuguswa. Sasa wote waliokuwa wanasubiri wamechoka kusubiri na wanakuja, na yadi ina magari manne ya petroli na mimi. Ndivyo ilivyo.

Alasiri ameingia mwanamume wa makamo, kalamu mfukoni, mwalimu kwa mwonekano. Nikasimama, nikanyoosha shati. Nikamwambia magari ya umeme yameondoka, lakini kama ana swali, hakuna mtu mji huu anayeyajua kama mimi. Nimeyapitisha majini, nimeyapandisha mlimani.

"Najua, mzee, nimesikia," akasema, kwa adabu kabisa. "Ila nilikuwa namtafuta yule binti. Yule aliyemkatalia mwenye duka la jumla. Nataka kuagiza langu, na nataka yeye ndiye aniambie."

Nikarudi kitini. Mtu ameingia yadi hii, amenikuta mimi nimeketi, anauliza mwingine.

Nikatoa simu. Nikapiga, nikamsikia binti akisema, "Baba? Umekula?" Nikamwambia kuna mteja wake, nikampa yule bwana simu, nikatoka nje ili waongee. Mimi. Nimesimama kwenye geti langu mwenyewe nangoja.

Waliongea sana. Nilisikia tu upande wake, ghorofa ya pili, ndiyo, hapana, soketi hakuna, ndiyo, mwenye nyumba hataki, ndiyo dada. Alipotoka alinirudishia simu kwa mikono miwili.

"Amesema nisinunue," akasema. "Mpaka nihamie nyumba ya chini yenye umeme wangu. Akasema nikihama nimpigie kwanza."

Akaaga. Hatukuuza kitu. Nikaweka simu sikioni, binti alikuwa bado yupo.

"Nimekosea, Baba?" akauliza.

Nilikuwa na maneno mengi. Nikamwambia nimekula, na mama yake anamsalimu, na afunge madirisha akilala, huko mbali hatujui watu wake.